Guernica kutoka Nasser Road: bango la darasa letu Gulu

Mwalimu wa sanaa anayetafuta mchoro mkubwa wa ukutani aende Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, lakini asikabidhi kazi akaondoka. Asimame kando ya mashine.

Nilichapishiwa Guernica, mchoro wa vita wa Mhispania Pablo Picasso, kwa ajili ya darasa langu. Mchoro wenyewe uko Madrid, mita 3.49 kwenda juu na 7.77 kwa upana. Ukuta wetu ulitosha nusu ya vipimo hivyo. Kitabuni, yule mama wa upande wa kushoto aliyepakata maiti ya mwanawe huonekana kadoa tu. Ukutani kichwa chake kinalingana na cha mwanafunzi, na ulimi wake uliochongoka unauona ukiwa bado mlangoni.

Jaribio la kwanza lilitoka na ukahawia, nikalikataa. Picasso alitumia nyeusi, nyeupe na kijivu. Ndege za Ujerumani na Italia ziliushambulia mji wa Guernica, Uhispania, tarehe 26 Aprili 1937, na habari zikamfikia Paris kupitia magazeti. Mwili wa farasi kaujaza vistari vifupi vifupi kama maandishi ya gazeti. Hapo ndipo pa kupimia uchapaji, maana faili likiwa dogo vistari hugeuka ukungu. Vyetu vimetoka wazi.

Kijana wa mashine akauliza, "Mwalimu, sasa ndege ziko wapi?"

Hazimo. Adui naye hayumo. Wazazi wengi wa wanafunzi wangu walikulia katika kambi za waliohamishwa makwao wakati wa vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini mwa Uganda, na picha yenye bunduki na sare ingetuingiza mara moja kwenye ubishi wa nani alimfanyia nani nini. Hii inatubakiza na walioumia: mwanamke aliyenaswa motoni, mikono juu, askari chini, kipande cha upanga mkononi. Nimeona wanafunzi wakiikaribia na kunyamaza, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo nyumbani hawayaulizi.

Dosari ipo. Upindo wa bango umemeza sehemu ya mlango ulio ukingoni kulia, mlango pekee ulioachwa wazi kidogo, na hilo limeniuma. Ombeni ukingo mtupu pande zote, na plastiki isiyong'aa.

Muhula ujao nitachapisha michoro ya vita ya Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani aliyempoteza mwanawe Peter vitani mwaka 1914. Ni saba, ya kuchonga kwenye mbao, nyeusi na nyeupe tupu; karatasi ya A2 itatosha.