Nyota mbili kwa pasi ya msimu: nimelipia paki nzima, nafunguliwa nusu

Naanza na nyota ili asiye na muda aondoke nazo mapema: mbili kati ya tano. Na hizo mbili ni za vijana wanaofanya kazi pale ndani, uongozi hauna hata moja. Jina la paki (hizi bustani za burudani zenye michezo ya kupanda na mabwawa) silitaji manake nikisoma malalamiko ya wenye pasi za paki zingine naona ni yale yale, badilisha tu jina la rola kosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli.

Kwa ambaye hajawahi kuwa nayo, pasi ya msimu ni kwamba unalipa mara moja halafu unaingia utakavyo mpaka msimu ufungwe, paking mara nyingi imo humo humo, na vipunguzo vya hapa na pale. Kwenye karatasi ni dili kabisa. Ukienda mara mbili tatu ushafidia hela ya tiketi za getini, zinazobaki zote ni faida, au ndo tunavyojipa moyo. Sasa tangazo lilipotoka lilikuwa na picha za kila mchezo uliopo, mabwawa yote yamejaa watu, saa za kufungua asubuhi hadi usiku. Hakuna picha hata moja ya kile kibao cha "samahani, mchezo huu umefungwa kwa leo", na msimu huu hicho kibao ndo nimekiona kuliko kitu kingine chochote pale ndani.

Niwape mfano mmoja tu muelewe. Rola kosta kubwa kuliko zote pale ina treni mbili. Ikiwa na watu wa kutosha, treni moja iko juu inazunguka, nyingine iko kituoni inapakia, ikirudi ile hii inaondoka, mambo yanaenda. Siku niliyosimama nikaangalia vizuri, treni ya pili imeegeshwa pembeni, na kituoni wapo wawili, kaka mmoja na binti mmoja. Binti ndo anakagua. Anaanza siti ya mbele, anavuta mkanda, anasukuma chuma cha mapajani, anakivuta tena kuhakikisha, siti inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa treni, halafu upande wa pili hakuna mtu kwa hiyo anazunguka nyuma kwa mbio na kuanza tena. Akimaliza anasimama kwenye kitufe chake, ananyoosha dole gumba, yule kaka aliyeko kwenye mitambo naye anabonyeza cha kwake, manake ile mashine haiondoki mpaka wote wawili wabonyeze kwa pamoja. Kimetengenezwa hivyo makusudi, mtu mmoja asije akaiachia treni wakati mwenzake bado kaingiza mkono kwenye siti. Kwa hiyo hata ungempa yule kaka nguvu za ajabu bado asingeweza kuwahisha kitu. Na mi sitaki awahishe! Mtu anayekagua chuma kilichonishikilia namtaka ajipe muda wake wote.

Ila tupige hesabu. Chukulia treni ina siti 24. Ikiondoka kila baada ya sekunde 90 unapata safari 40 kwa saa, yaani watu 960. Ukiwa na treni moja na mkaguzi mmoja, kila safari inakula kama dakika 4, hizo ni safari 15, watu 360. Foleni ya watu 480 ambayo ingeisha ndani ya nusu saa sasa inachukua saa moja na dakika 20. Foleni ni ile ile, watu ni wale wale, kilichopungua ni mikono miwili mitatu tu pale kituoni. Ndo maana nikisikia uongozi unasema "leo paki imejaa sana" nacheka, paki haijajaa bana, paki haina watu wa kuiendesha.

Halafu kuna hili lililonichefua kabisa, njia ya haraka. Si unajua kuna ile tiketi ya kulipia zaidi ili uruke foleni? Siku ambayo rola kosta inabeba watu 360 kwa saa bado wanaiuza, tena wanaiuza kwa kelele zaidi kwa sababu foleni ndefu ndo tangazo lake. Tuseme kwenye kila treni siti 12 zinaenda kwa wa njia ya haraka. Sisi wa foleni ya kawaida tumebaki na siti 180 kwa saa. Wale 480 hapo juu sasa wanahitaji karibu saa 3. Yaani uhaba wa wafanyakazi wenyewe umegeuzwa bidhaa, mwenye pasi aliyelipa miezi iliyopita anasimama juani anapishana na aliyelipa asubuhi hii. Wangekuwa na aibu kidogo wangeifunga hiyo njia siku ambazo treni ni moja, au angalau wapunguze idadi wanayouza. Hapa sina cha kuwatetea.

Upande wa maji siongei sana, nusu ya mabwawa yalikuwa makavu, lakini pale angalau naelewa. Mwokoaji wa bwawani sio mtu wa kuokota barabarani, lazima awe na cheti. Kuna kanuni inaitwa 10/20 ambayo sehemu nyingi wanaitumia, sekunde 10 awe ameshamaliza kupitisha macho eneo lake lote, sekunde 20 awe ameshamfikia anayezama. Ukipunguza mtu mmoja kiti kinabaki wazi na eneo lake halina macho, hapo bora ufunge tu. Na kila mteremko wa maji unahitaji mtu juu na mtu chini. Kwa hiyo wakifunga bwawa kwa kukosa waokoaji mi nawapongeza kabisa, ila waseme mapema basi, sio nifike na watoto wameshavaa nguo za kuogelea ndani ya gari.

Sasa kwa nini watu hawapo? Kazi za paki ni za msimu, wengi wanaozifanya ni wanafunzi, wanakuja likizo wanaondoka shule zikifunguliwa, na msimu unakuwa bado unaendelea. Ndo maana wiki za mwisho hali inakuwa mbaya zaidi, kalenda inasema paki iko wazi lakini nusu ya vijana wako darasani. Mshahara ni wa chini, kazi ni kusimama juani na kutukanwa. Kule Marekani sheria ya shirikisho inaziruhusu sehemu za burudani za msimu zisizofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka zisilipe ovataimu wala kima cha chini cha mshahara cha shirikisho (majimbo yana sheria zao juu ya hapo). Na paki nyingi za huko zilizoea kujazia nafasi na wanafunzi kutoka nchi za nje wanaoingia kwa viza ya J-1, mwaka 2020 Trump akasimamisha viza hizo, na korona nayo ikafunga kila kitu, mlango huo ukakauka.

Ndo ukaja mwaka 2021 ambao kwangu ndo somo zima liko hapo. Cedar Point kule Ohio, moja ya paki kubwa za rola kosta duniani, ilifika mwezi wa tano haina watu. Ikatangaza kufunga baadhi ya siku za katikati ya wiki mwezi Juni na ikapandisha malipo ya vibarua wa msimu hadi dola 20 kwa saa. Na mwaka huo huo wenye pasi walikuwa wanaidai! Manake pasi za 2020 zilikuwa zimesogezwa mbele hadi 2021 kwa sababu ya korona, kwa hiyo geti lilikuwa linangojewa na watu walioshalipa zamani. Kila mtu aliimba eti vijana siku hizi hawataki kazi, hela ilipopanda waombaji wakaja. Nisieleweke vibaya, dola 20 sio dawa ya kila paki, zipo ndogo ambazo zingekufa, lakini tusiambiwe uhaba wa watu ni kama mvua, umeshuka tu wenyewe kutoka juu.

Kitu ambacho wenye pasi wenzangu wengi hawakifikirii ni muda ambao hela inaingia. Pasi za mwaka kesho zinaanza kuuzwa msimu huu haujaisha, wakati huo hakuna kijana hata mmoja aliyeajiriwa kwa mwaka huo. Tunawalipa kwa kazi ya watu ambao hawajatafutwa bado. Wenyewe kwenye vitabu vyao vya hesabu hawaihesabu kama mapato siku hiyo hiyo, wanaiweka kama deni la huduma na kuitoa kidogo kidogo msimu ukiendelea. Deni! Neno lao wenyewe la uhasibu. Ila ukisoma vigezo na masharti nyuma ya pasi unakuta michezo na saa za kufungua vinaweza kubadilika wakati wowote bila taarifa na hakuna kurudishiwa hela. Kwa wahasibu tunadai, kwa wanasheria hatudai kitu.

Na sio kila mara inawapitia salama. Disneyland ya California iliuza pasi iliyoitwa Dream Key mwaka 2021, dola 1,399, ikanadiwa kwamba haina siku zilizozuiwa, yaani siku ambazo mwenye pasi haruhusiwi kuingia. Wateja wakaingia kuweka nafasi wakakuta baadhi ya siku hamna nafasi kwao wakati tiketi za siku moja bado zinauzwa. Mmoja akaenda mahakamani, mwisho kampuni ikakubali kulipa dola milioni 9.5 kumaliza kesi. Haikuwa kesi ya wafanyakazi ile, lakini msingi ni ule ule, aliyelipa kwanza anawekwa nyuma ya anayelipa leo.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha bei ya pasi ili watu wapungue. Six Flags, kampuni yenye paki nyingi kule Marekani, walijaribu 2022, wakapunguza vipunguzo, bei juu, lengo likiwa watu wachache wenye hela zaidi. Mahudhurio yakaanguka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5. Sasa kweli foleni itapungua watu wakikimbia, hiyo hata mtoto anajua.

Nilienda dirisha la huduma kwa wateja kuuliza, dada aliyekuwepo alikuwa peke yake na mstari nyuma yangu. Nikamwambia dada yangu sijaja kugombana, nataka tu kujua kwa nini kwenye aplikesheni asubuhi imeandikwa michezo yote iko wazi. Akanijibu "Kaka, ile inaandikwa na watu wa ofisini, sisi tunagawiwa sehemu za kukaa saa moja kabla ya geti kufunguliwa, ndo tunajua nani hajaja." Akatabasamu, akanipa tiketi mbili za bure za kumleta rafiki. Yaani dawa ya paki kukosa watu wa kuihudumia ni kuniambia nilete watu wengine wawili! Nilizipokea, sikutaka kumkosea heshima, lakini jibu lake lile ndo lililonifungua macho. Saa moja kabla ya geti wanajua! Wanajua kabisa leo treni moja, leo mabwawa mawili, na taarifa hiyo haitoki nje ya chumba cha supavaiza.

Mwenye pasi ndo mteja rahisi kuliko wote kumridhisha. Aliyetoka mbali na tiketi ya siku moja hana pa kwenda, leo ndo leo yake. Mi naweza kuja kesho, naweza kuja Jumanne jioni, niambie tu. Tuma ujumbe saa tatu asubuhi, "leo upande wa maji umefungwa, kosta kubwa treni moja", uone kama nusu yetu hatutabaki nyumbani, tena foleni za hao wa siku moja zitapungua. Hakuna anayepoteza. Wanachopoteza labda ni vinywaji ambavyo tungenunua tukiwa tumekwama mle ndani, na ndo nahisi sababu iko hapo.

Neno kwa wenzangu wanaowapigia kelele wale vijana kituoni: acheni. Nimemwona mtu mzima anamwita yule binti mvivu wakati binti anakimbia kuzunguka treni jasho linamtoka. Ukimkimbiza kesho haji, na kosta inafungwa kabisa. Kelele peleka kwenye barua pepe ya uongozi, na uandike saa, mchezo na idadi ya treni, sio "huduma mbovu" tu.

Barua ya kunishawishi nihuishe pasi imeshaingia, "bei ya chini kabisa, inaisha Jumapili". Kila mwaka inaisha Jumapili na kila mwaka inarudi. Msimu huu nasubiri. Wakitoa kalenda ya mwakani nitaangalia wiki za mwisho, wakati vijana wameshaondoka: wakiwa wameandika wikiendi tu, au baadhi ya sehemu zitafungwa, nitajua wamekaa chini wakahesabu watu wao kwanza, na hapo nanunua hata kwa bei ya juu. Wakiandika tena kila siku asubuhi hadi usiku, tiketi za siku moja zinanitosha.