Dawa za kupaka za upara: ipi inunuliwe kwanza, ipi isubiriwe

Mwanamume wa Mwanza ambaye nywele za panda la uso zimeanza kurudi nyuma atauziwa vichupa vya kila namna, kuanzia famasi za mjini hadi meza za vipodozi za Makoroboi. Nimezipanga dawa hizi kwa uzito wa ushahidi, si kwa upya wake. Kama nywele zimetoka ghafla kwa mabaka ya mviringo, au ngozi inawasha na kutoa magamba, usinunue chochote kabla ya kumwona daktari, kwa sababu huo huenda si upara wa kurithi.

Ya kwanza ni minoksidili ya asilimia 5. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na wagonjwa walipoota nywele wasizozitarajia ikatengenezwa ya kupaka, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1988 kwa kiwango cha asilimia 2. Mililita 1 hupakwa asubuhi na nyingine jioni, kwenye ngozi kavu ya kichwa. Wiki za mwanzo nywele huweza kupukutika zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa, ilhali matokeo huhitaji miezi minne hivi. Tena ukiiacha, nywele ulizopata hupotea. Piga basi hesabu ya mwaka mzima, si ya chupa moja. Anza na ya maji. Ikikuwasha, hamia ya povu, ila kwa joto letu nawa kwanza kwa maji baridi, maana povu huyeyuka vidoleni.

Ya pili ni finasteridi ya kupaka, inayozuia testosteroni, homoni ya kiume, kugeuzwa kuwa homoni ya DHT, ile inayodhoofisha mashina ya nywele. Inavutia, lakini sehemu yake huingia kwenye damu, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu michanganyiko yake isiyoidhinishwa, baada ya taarifa za kupungua hamu ya tendo la ndoa na za msongo wa mawazo. Mjamzito asiiguse kabisa. Bila cheti cha daktari, iache.

Ya tatu, klaskoteroni, ndiyo ya kusubiriwa na yenye ahadi kubwa: huizuia DHT palepale kwenye ngozi. Krimu yake ya asilimia 1 iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa chunusi; ya upara ni nyingine, yenye nguvu zaidi, na kumpaka mtu kichwani krimu ya chunusi ni kupoteza fedha.

Mwisho kabisa ni mafuta yasiyotaja viambato. Dawa yoyote utakayochagua, hakikisha imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na usome tarehe ya kuisha muda kabla ya kulipa.