Kijitabu cha majina ya mashujaa: nimekitumia mwezi mmoja

Mimi ni fundi wa nguo hapa soko la Kibuye, Kisumu. Kinachonilipia kodi hasa ni kutarizi majina kwenye mashali ya watoto wachanga. Kwa hiyo nilipomwona mchuuzi stendi ya mabasi na kijitabu cha majina ya wapiganaji na maana zake, nilitoa shilingi 150 bila kuvutana bei.

Majina ya Ulaya wameyapatia. Sikujua kwamba Walter ni mtawala wa jeshi, wala kwamba Gertrude, jina nililobatizwa, ni nguvu ya mkuki. Miaka yote hii na sindano yangu! Juzi dani mmoja, yaani bibi kwa Kijaluo, aliagiza shali la mjukuu wake Martin. Nikamsomea: jina limetokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Akashtuka. "Mama, huyu kazaliwa Jumapili watu wakiwa misani, vita vimetoka wapi?" Ikabidi nimkumbushe Mtakatifu Martin wa Tours, yule askari aliyelikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Hilo kitabuni hamna, nililisikia kanisani. Dani akatulia, akataka uzi wa dhahabu.

Majina ya kwetu Wajaluo ndiyo yaliyoniudhi. Eti Ochieng ni "shujaa wa jua"! Ochieng ni mtoto aliyezaliwa jua likiwaka, kama Okoth alivyozaliwa mvua ikinyesha. Mkuki uko wapi hapo? Halafu Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi zetu aliyetoka Kano, hayumo kabisa, na Kano ni hapo tu, ukifika Ahero umeingia. Luanda maana yake mwamba. Husimuliwa kwamba mikuki ya Wanandi haikumpenya, mpaka mke waliyemwoza akagundua uhai wake umo kivulini. Kikachomwa kivuli, akaanguka, akawa jiwe. Koitalel arap Samoei yumo, ila kaitwa mfalme. Alikuwa orkoiyot, kiongozi wa mambo ya kiroho, na Wanandi walipambana na Waingereza chini yake hadi alipouawa Oktoba 1905.

Gundi nayo imeshaachia, ukurasa wa herufi M natembea nao mfukoni mwa aproni. Mstari wa Ochieng nimeukata kwa kalamu nyekundu, pembeni nikaandika Luanda. Mteja akitaka kukiazima, asomee hapa hapa kando ya cherehani.