Siku mbili wima: mafunzo ya pikipiki ya porini kati ya Kabarak na Mogotio

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za fahali nazibeba kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Naufunga mtungi kwenye keria, kisha natafuta boma la mtu huko juu ya Njoro kuelekea Mau Narok, mahali ambapo barabara imeisha lakini ng'ombe bado wapo. Wakulima huniita Daktari. Mimi si daktari, nina diploma, ila nimechoka kuwasahihisha.

Miaka saba nimeifanya kazi hii nikiwa nimeketi. Mwaka jana mwezi wa tisa mgongo ukagoma: nilishuka kwa mkulima mmoja nikashindwa kunyooka, nikamhudumia ng'ombe wake nimeinama vilevile, naye mama mwenye boma akaniuliza kama nami nimekuja kutibiwa. Kijana wa boda kwenye steji yetu ndiye aliyeniambia kuna mzee hufundisha watu kuendesha wamesimama, upande wa Mogotio. Nikacheka. Kwangu kusimama juu ya pikipiki kulikuwa mchezo wa vijana siku ya harusi.

Nililipa shilingi 13,000 kwa siku mbili, pikipiki, helmeti na chakula cha mchana vikiwa ndani. Shule yenyewe haina bango. Ukitoka Nakuru unapita Kabarak, unashika barabara ya Marigat, na kabla hujafika Mogotio unaelekezwa kukata kona ya kijia kwenye michongoma. Huko nchi imekauka, mbuzi wengi kuliko watu, mkonge kwa mbali, vijia vya mifugo vinapanda na kushuka makorongo. Kwa mtu wa Njoro aliyezoea matope na viazi, ni kama umevuka mpaka.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi nikidhani tutapanda mara moja. Hadi saa tatu gurudumu halijazunguka. Mwalimu, mzee wa makamo mwenye vidole vya fundi, alinipa Honda CRF250L iliyochakaa plastiki lakini injini inaimba, akaniambia nisimame juu ya vikanyagio huku yeye ameibana tairi ya mbele kwa magoti yake.

"Funga macho, Daktari. Nyoosha mikono kama unapokea mtoto. Sasa shika."

Nikashika usukani. Vidole vikatafuta leva ya klachi na ya breki, vikakuta hewa. Leva zilikuwa juu zaidi. Ili kuzifikia ilibidi niukunje mkono kwenye kifundo, kiganja kikaelekea mbele kama cha mtu anayesimamisha matatu. "Ukienda hivyo kilomita tano, mkono umekufa ganzi," akasema. Leva zile alikuwa amezipanga mtu aliyeketi. Akatoa spana namba 10, akalegeza nati, akazigeuza zikashuka kama upana wa kidole kimoja, akaniambia nifumbe macho tena. Safari hii vidole viwili vilitua juu ya leva vyenyewe. Halafu akainama, akalichomoa kanyagio la gia kwenye meno yake na kulirudisha jino moja juu, kwa sababu aliyesimama na buti nene hawezi kuingiza kidole chini yake. Kazi ya dakika kumi. Miaka saba nimeendesha mashine iliyopangiwa mwili wa mtu mwingine, na hakuna fundi hata mmoja Njoro aliyewahi kuniambia leva hugeuka.

Nikiulizwa pesa zangu zilienda wapi, hapo peke yake zilikuwa zimesharudi nusu.

Kilichofuata ni kunivua nilichodhani ni kusimama. Mimi nilisimama kama askari wa gwaride, magoti yamekazwa. Mwalimu akatikisa kichwa. "Daktari, umewahi kuingia choo cha stendi ya magari?" Nikamwambia nimeingia, Mungu anisamehe. "Uligusa kitu?" Sikugusa. "Basi ni hivyo hivyo." Magoti yamelegea, makalio nyuma, kifua mbele, viwiko nje, wala hugusi kiti. Tangi ndilo unaloligusa, unalibana kwa magoti. Alikunja vipande viwili vya gazeti akavipachika kati ya magoti yangu na tangi: kipande kikianguka, unarudi mwanzo. Nilirudi mwanzo mara tisa. Miguu nayo hukanyagi kwa katikati ya wayo, unakanyaga kwa ile nyama iliyo nyuma ya vidole, ili kifundo kipate kucheza. Hapo ndipo mashimo yalipoacha kunipanda uti wa mgongo. Pikipiki inaruka chini yako na wewe umetulia. Miguu imegeuka shokapu.

Mikono ilinisumbua kuliko miguu. Hofu yote huenda mikononi, unaukaba usukani, na kila jiwe dogo linalogonga tairi linakukatia mafuta au kukuongezea bila ridhaa yako. Alirudia kuniambia nilegeze, ikashindikana, mpaka nilipojiambia mwenyewe nishike kama ninavyoshika mrija wa mbegu. Mrija ule ukiuminya umeharibu, ukiulegeza mno umeanguka kwenye kinyesi. Mkono wangu ulielewa lugha hiyo mara moja.

Mchana kutwa tulizunguka madebe ya rangi kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Inachosha, na watu wawili kati yetu sita walinung'unika kwamba hawakulipa kuzunguka madebe. Nawaelewa, lakini walikosea. Ukiwa umesimama kwa mwendo wa polepole hakuna kasi ya kukuficha: kila kosa pikipiki inalisema. Ni hapo nilipojifunza kona: pikipiki ndiyo inayolala, mwili wako unabaki wima, uzito unauweka kwenye kikanyagio cha nje. Kwa boda tunafanya kinyume, tunalala nayo pamoja kama gunia.

Niseme na la urefu, maana wanawake wengi wataliuliza. Nina futi tano na inchi mbili. Kiti cha Honda ile kiko milimita 875 kutoka chini. Nikiketi katikati, miguu yote miwili inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Nilikuwa tayari kurudi nyumbani. Mwalimu akanionyesha kupanda kutoka juu ya jiwe, na kuisimamisha pikipiki kwa kuteleza nusu kalio upande mmoja nikaweka mguu mmoja tu chini. Zaidi ya hapo, akasema, urefu wa kiti una shida gani kwa mtu ambaye haketi? Sikuwa na jibu.

Siku ya pili tulishuka korongoni. Kupanda mlima unasogeza kifua hadi juu ya usukani. Kushuka unarudisha makalio hadi uhisi yako juu ya tairi ya nyuma, mikono imenyooka lakini haijakazwa, kidole kimoja kwenye breki ya mbele, mguu ukiipapasa ya nyuma. Nilishuka vizuri. Chini kulikuwa na mchanga, na vumbi laini kama unga, jamaa ya lile feshfeshi linalomeza magari ya Safari Rally kule Kedong. Tairi ya mbele ilipoanza kuyumba nilifanya mambo matatu yasiyotakiwa kwa mpigo: niliketi, nikafunga mafuta, nikaangalia tairi. Ikazama, mimi nikapaa juu ya usukani na kutua kwa bega. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni aliniita kwa sauti ya huruma ya kweli: "Mama, si ungeketi tu?"

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeketi, mzee wangu.

Mara ya tatu nilipita. Macho mbele kwenye mti, uzito nyuma kidogo, mafuta yamefunguka kiasi kilekile bila kupungua. Usukani ulicheza kushoto na kulia, nikauacha ucheze.

Sasa malalamiko, na ninayo. Buti walizonipa ni namba 9. Mimi navaa 5. Kwa buti hizo sikuhisi gia hata kidogo, na nusu ya makosa yangu ya siku ya kwanza yalikuwa ya buti. Nilimweleza mwalimu msaidizi, kijana anayependa zaidi kuinua tairi ya mbele mbele ya wanafunzi kuliko kuwafundisha, akanishauri nivae soksi tatu. Maji yaliisha saa sita katika joto lile, na chakula kilikuwa chapati mbili na dengu zilizopoa. Wanafunzi sita kwa walimu wawili si haba, ila ukiangukia kundi la kijana umepoteza asubuhi nzima. Ukipiga simu, sisitiza upangwe kwa mzee.

Tena, somo lote limepangwa kwa mtu asiye na mzigo. Niliuliza kuhusu mtungi wangu, maana mimi nikisimama mgongo unapumzika lakini keria inaruka pale pale, na mtungi nao unaruka. Kijana akasema niubebe mgongoni. Naitrojeni ikimwagikia shingo sitapata nafasi ya kusimama tena. Mzee alifikiri, akakiri hajawahi kuulizwa, akaniambia nipunguze mwendo penye mashimo na nifunge mtungi kwa mipira ya tyubu badala ya kamba. Nimeongeza sponji ya godoro chini yake. Inasaidia, kiasi.

Na pikipiki yangu ya kazi si Honda ya porini. Ni 150 ya kawaida kama za boda, usukani wake chini, vikanyagio vina mpira unaoteleza kwenye matope. Nikisimama naona nimeinama kama ninayeokota viazi, na mgongo ule ule unaanza kulalamika. Fundi wangu wa Njoro ameuinua usukani kwa vipande vya chuma, sentimita nne. Tulianza na sita, nikageuza usukani kushoto, waya wa mafuta ukavutika na pikipiki ikataka kuondoka yenyewe. Leva tulizigeuza kwa spana ile ile. Mpira wa vikanyagio nimeutoa, chini yake kuna chuma tupu, ambacho kikilowa hakina nafuu kubwa.

Mapaja yaliniuma siku nne. Kushuka matatu nilishuka kinyumenyume. Mgongo haujapona, ila Jumanne iliyopita nilienda na kurudi maboma matano, mawili yakiwa juu kabisa, na jioni niliinama kuvua gambuti bila kushika ukuta. Mkulima wa mwisho aliniona nikiingia nimesimama, akatoka mbio akidhani nimekuja na habari ya msiba.

Nimeshalipia siku ya tatu, ya matope, mvua za mwezi wa nne zikianza. Mzee ameahidi kutafuta buti namba 5. Mimi nimeshanunua gambuti zangu Gikomba.