GParted, programu ya kupanga upya sehemu za diski: nyota nne kutoka kwa mama wa stesheneri

Laptopu ya dukani kwangu ni Dell Latitude E6430 ya mtumba, diski ya GB 500. Windows inaisoma 465, na usimgombeze muuzaji: kutoka baiti hadi GB, kiwanda hupanda kwa hatua za 1,000, Windows kwa hatua za 1,024. Fundi aliyenipigia Windows aliigawa sehemu mbili, C akaipa 60, D ikabaki na 405. "C ni ya Windows, mama, D ni ya mizigo yako. Siku Windows ikizingua napiga upya C tu, mizigo haiguswi." Wazo zuri, na limeshaniokoa mara moja. Alichokosea ni vipimo.

Zile 60 hazikufika mbali. Microsoft Office, Photoshop, masasisho ya Windows, na kila faili ambalo mteja ananirushia kwa WhatsApp nikalipakua, vyote hushukia C. Msimu wa maombi ya ajira, foleni ya pasipoti saizi imefika barazani, Photoshop ikagoma: diski imejaa. Mstari wa C mwekundu, imebaki GB 1 na kidogo. D pembeni ina nafasi kibao, inaangalia tu.

Fundi mwingine alitaka 30,000 afute kila kitu aanze upya. Nikaona bora nihangaike mwenyewe.

Nilianza na kifaa cha Windows yenyewe, Disk Management. Nikaipunguza D kwa GB 140, dakika chache, safi kabisa, ukatokea mstari mweusi wa nafasi isiyo na mwenyewe. Nikaenda kwa C niiongezee: Extend Volume imefifia, haibofyeki. Nusu siku imepita ndipo nikaelewa. Ni mambo ya viwanja. C amepakana na D, na kiwanja kitupu kiko ng'ambo ya D. Windows inaweza kumpunguzia D eneo upande wa kulia, lakini kumsogeza ili C apakane na nafasi ile, haiwezi.

Kusogeza ndiyo kazi ya GParted. Ni ya bure. Unaiandika kwenye flashi kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwashia kompyuta, unawasha kompyuta kwa kupitia flashi (Dell unagonga F12), na Windows inabaki imelala wakati wote. Mwanzoni inauliza maswali meupe kwenye ukurasa mweusi, kibodi gani, lugha gani. Nilibonyeza Enter tu mpaka yakaisha.

Kisha ikanikataa. C imewekewa alama ya onyo, haiguswi. Kumbe ukizima Windows 10 kwa kawaida haizimiki kabisa, inasinzia ili kesho iwake haraka, na GParted haifanyi upasuaji kwa mtu aliyesinzia. Nilirudi Windows, nikafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika powercfg /h off, amri ya kuzima huko kusinzia, nikaanza upya. Onyo likaondoka.

Sasa kile kilichoniondolea nyota moja. Humu hakuna C wala D. Kuna /dev/sda1, sda2, sda3, na flashi yako nayo imo humo humo ikiitwa sdb. Nilizitambua kwa ukubwa tu: ya 60 ni C, ya 265 ni D. Mtu mwenye sehemu mbili zinazolingana ukubwa atatokwa jasho. Kabla ya kuingia, zipe majina ndani ya Windows; mimi sikufanya hivyo na mikono ilitetemeka.

Baada ya hapo raha. Sehemu zimechorwa kama visanduku, njano ni palipojaa, nyeupe ni patupu. Nikaikamata D kwa kipanya nikaiburuta mpaka ukutani kulia, nikaivuta C ikajaza pengo. Hapo hakuna kilichofanyika bado. Kazi zinajipanga chini kama oda za mteja mpaka ubofye alama ya vema ya kijani. Ikanionya kwamba kusogeza huchukua muda mrefu. Kweli. Nilibofya saa tatu usiku, ikamaliza saa sita na nusu.

Usiku ule sikutoka kwenye kiti. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza, D ndiyo basi tena. Betri yangu haimalizi saa moja, kwa hiyo niliichomeka laptopu kwenye UPS ya duka, lile boksi la betri ya akiba, na jioni nilikuwa nimenakili D yote kwenye diski ya nje ya shemeji. Usiifanye kazi hii bila nakala nje ya kompyuta. D si nakala ya C hata kidogo, zote zinakaa kwenye chuma kimoja.

Windows ilipowaka ilijikagua diski yenyewe kwanza, asilimia zikipanda taratibu, nikidhani nimeua. Ikafunguka. C 200, D 265, na CV zote za wateja zipo mahali pake. Photoshop imenyamaza. Kijana wangu ameshauliza kama gemu lake linaweza kukaa kwenye hiyo C mpya.