Kliniki ya IVF Nairobi: maabara ni nzuri, maelezo kuhusu mtoto ni machache

Kliniki ya IVF, yaani ya kurutubisha yai nje ya mwili, tuliyohudumiwa mimi na mume wangu jijini Nairobi, ambayo sitaitaja jina, inastahili sifa kwa kazi ya maabara yake, lakini inawaeleza wazazi kidogo mno kuhusu yale yanayoweza kumfuata mtoto baada ya kuzaliwa.

Nianze na maabara. Kupitia dirisha la kioo tulionyeshwa inkubeta ndogo, mashine za kukuzia mayai yaliyorutubishwa, zenye vyumba vilivyotengana, kila wanandoa na chumba chao, na juu ya kila kifuniko lebo yenye majina ya wote wawili. Joto huwa nyuzi 37, na oksijeni hushushwa hadi asilimia 5, ilhali hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21, kwa kuwa ndani ya mirija ya uzazi nako oksijeni ni haba. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa linaloanza kukua, hukaa ndani ya tone la kimiminika chenye sukari, chumvi na amino asidi, lililofunikwa kwa mafuta ili lisikauke. Vyetu vilikaa humo siku 5. Usafi na utulivu wa chumba kile sina la kuukosoa.

Fomu ya ridhaa ndiyo iliyonikera. Ilieleza kwa kirefu hatari ya mapacha na ya ovari kuvimba kwa sababu ya sindano za kukuza mayai, kisha ikamalizana na suala la mtoto kwa sentensi moja: kwamba huzaliwa na afya kama watoto wengine. Nilipomuuliza daktari kuhusu tafiti za wanyama, alitabasamu akasema, "Mama, hayo ni ya panya."

Ni kweli ni ya panya, ila hayaishii hapo. Mwaka 2004 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, na wengine wa Madrid, Hispania, walionyesha kwamba panya waliotokana na viinitete vilivyokuzwa maabara walitofautiana na wenzao, walipokuwa wakubwa, katika baadhi ya vipimo vya woga na kumbukumbu. Wale wa Madrid walikuwa wametumia kimiminika chenye seramu (majimaji ya damu) ya ndama, jambo ambalo kliniki za binadamu zimeliacha, na hapo daktari angekuwa na hoja nzuri kama angeitoa. Kwa ng'ombe na kondoo, ukuzaji wa aina hiyo uliwahi kuleta ndama na wanakondoo wakubwa kupita kiasi, kwa sababu alama za kikemikali zinazowasha na kuzima baadhi ya jeni huwekwa na kulindwa katika siku hizo hizo za mwanzo.

Kwa binadamu picha ni ya kutuliza zaidi, ingawa maswali hayajaisha. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2016 lilipolinganisha vimiminika viwili vya kukuzia viinitete, watoto waliozaliwa mmoja mmoja, si mapacha, walitofautiana uzito wa kuzaliwa kwa wastani wa gramu 158, na tofauti pekee iliyopangwa ilikuwa kimiminika chenyewe. Utafiti mkubwa wa Uswidi wa mwaka 2013 haukuona ongezeko la usonji kwa watoto wa IVF kwa jumla, ila uliona ongezeko dogo la ulemavu wa akili. Humo ni vigumu kutenganisha athari ya maabara na ile ya ugumba wa wazazi wenyewe, na mzazi mtu mzima anaweza kabisa kuelezwa hivyo.

Aliyetueleza hatimaye ni mtaalamu wa viinitete, kijana mpole aliyevua glavu, akaketi nasi, akataja jina la kimiminika wanachotumia na sababu ya kukichagua. Tulipoomba, aliandika jina hilo, namba ya chupa na siku ya kupandikiza kwenye taarifa yetu ya kutoka. Bila kuomba, karatasi ile ingekuwa na tarehe na sahihi tu. Ukienda huko, omba kuonana naye kabla ya siku ya kutolewa mayai, kwani baada ya hapo hushinda maabara na kumpata ni shida.