ASR 1001-X au CCR1036 kwa Vikao vya PPPoE

Kwa mtoa huduma wa intaneti wa Kisumu anayekusanya vikao vya PPPoE (miunganisho ambayo kila mteja huingia kwa jina na nenosiri lake) na mahandaki ya L2TP (njia pepe zinazobeba vikao hivyo juu ya mtandao mwingine) kutoka Kondele hadi Maseno, ruta ya Cisco ASR 1001-X ina prosesa maalumu ya kupitisha pakiti, hivyo foleni zinazodhibiti kasi ya kila mteja haziielemei prosesa kuu; lakini kasi yake huanzia gigabiti 2.5 kwa sekunde, na kuipandisha hadi 20 hudai leseni. MikroTik CCR1036 hugawa kazi hiyo kwa kori 36 (viini vya prosesa), na leseni yake ya kiwango cha 6 haiwekei vikao kikomo, jambo linalomfaa sana anayeanza. Hata hivyo umeme ukirudi na maelfu ya wateja wakajiunga upya kwa mpigo, ningeiamini zaidi ASR, kwa kuwa prosesa yake kuu hubaki huru kuwapokea.